Atiman, muganga wa Karema: shule yake ilifungwa, yeye akaendelea kutibu

ZONGWE, eneo la Kalemie – Kila mwaka matokeo ya mtihani wa serikali yakitangazwa, kuna nyumba ambamo furaha haimalizi siku mbili. Mtoto amepata diploma, anasema anataka kusoma udaktari, na hapo hesabu zinaanza. Lubumbashi ni mbali. Nyumba ya kupanga, chakula, feza za masomo, miaka mingi. Basi mtu anataja shule nyingine, mpya, iliyo karibu kidogo, na wazee wanatikisa kichwa: shule ya jana, nani anaijua? Ikifungwa katikati, mtoto atabaki na nini mkononi?

Swali hilo si la leo. Ng'ambo ya ziwa letu, kule Karema, upande wa Tanzania, ambako wafanyabiashara wa Kalemie siku hizi wanapajua zaidi kwa sababu ya bandari yake mpya, amezikwa mtu aliyesoma udaktari kupitia shule ambayo ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia tu. Shule ile iliishi karibu miaka 15, kisha ikafa. Yeye alitibu watu miaka 67.

Jina lake ni Adrien Atiman. Wazee wa pande zote mbili za ziwa wamelisikia, lakini vijana wengi wanadhani ni jina la Kibende au la Kifipa. Si hivyo. Atiman hakuwa mtu wa ziwa hili hata kidogo.

Alizaliwa karibu mwaka 1866 huko Tindirma, kijiji kilicho kando ya mto Niger, si mbali sana na Timbuktu, katika inchi inayoitwa leo Mali. Alikuwa bado mtoto mdogo wakati Watuareg walipomkamata na kumpeleka jangwani. Kutoka hapo akauzwa, akatembezwa, akavuka Sahara kama mzigo unaotembea kwa miguu yake wenyewe. Mwaka 1876 Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na askofu mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, walimlipia na kumchukua Algeria.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo vitabu vya misioni hupita juu yake haraka. Kununua mtoto ili kumweka huru bado ni kununua. Feza iliingia katika mfuko wa mwuzaji, na mtoto hakuulizwa anataka kwenda wapi. Huenda angejibu kwamba anataka kurudi Tindirma kwa mama yake. Lakini kurudisha mtoto mmoja kupitia jangwa lile lile alilotekwa hakukuwa kazi rahisi, na Lavigerie alikuwa na mpango mwingine.

Shule ambayo hakuomba

Mpango huo ulizaliwa na makaburi. Tangu mwaka 1878 Mapadri Weupe walianza kuja kwenye maziwa makubwa, na walikuwa wanakufa. Homa iliwamaliza njiani, wengine ikawamaliza miezi michache baada ya kufika. Muganga wa Kizungu alikuwa mghali, na hata akipatikana alikuwa mgonjwa kama hao anaotakiwa kuwatibu. Lavigerie akafikiri hivi: tuchukue vijana Waafrika, tuwafundishe udaktari kwelikweli, kisha tuwatume Afrika wakiwa waganga na pia makatekista. Wataoa huko, watalima, watakula chakula cha huko, hawatahitaji kurudi Ulaya kupumzika.

Mwaka 1881 akafungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, katikati ya bahari ya Mediterania, ambacho wakati ule kilikuwa chini ya Waingereza. Atiman alianza masomo yake ya udaktari huko mwaka 1882. Hakuandika barua ya kuomba nafasi, hakupanga foleni kwenye ofisi ya kuandikisha wanafunzi. Alichaguliwa. Ni tofauti kubwa na kijana wa Zongwe anayezunguka na nakala za diploma yake katika bahasha, na ni vizuri kuikumbuka kabla ya kumsifu Atiman kwa kuchagua vema.

Ila mwenye kuchagua shule ile mpya alifanya jambo moja la akili. Hakujaribu kufundisha udaktari ndani ya nyumba ya mapadri. Malta ilikuwa na chuo kikuu chake, na mafundisho ya udaktari kisiwani yalianza tangu mwaka 1676. Nyumba mpya iliegemea ukuta wa zamani: vijana walilala na kusali katika nyumba ya Lavigerie, masomo wakayafuata chuoni. Mzazi anayeulizia shule ya udaktari leo angefaa kuanza na swali hilo hilo. Si tarehe iliyoandikwa juu ya mlango tu. Aulize wanafunzi watajifunzia katika hospitali gani, na waliokwisha kufundisha wengine ni nani.

Ugumu wa kwanza ulikuwa lugha. Chuo cha Malta wakati ule kilifundisha kwa Kiitaliano. Atiman alizaliwa katika Kisongai, akapitishwa mikononi mwa watu wa jangwani, akajifunza Kifaransa kwa mapadri, na sasa mifupa na mishipa ya mtu alitakiwa kuijua kwa Kiitaliano. Baadaye angetibu kwa Kiswahili na Kibende. Mwanafunzi wetu anayelia kwamba profesa anasema Kifaransa haraka mno, angalau anajua kwamba jioni ataongea na wenzake kwa lugha ya nyumbani. Atiman alikuwa na wenzake kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, kila mmoja na lugha aliyonyang'anywa.

Jambo la pili ni kwamba alisoma katika miaka ambayo udaktari wenyewe ulikuwa unabadilika mbele ya macho ya watu. Mwaka 1882 Robert Koch, Mjerumani, alitangaza kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Mwaka uliofuata alikwenda Misri, kisha India, akatambua kile cha kipindupindu, ugonjwa ambao Kalemie haihitaji kuelezwa. Mwaka 1887, Atiman akiwa karibu kumaliza, muganga wa jeshi la Uingereza aitwaye David Bruce alikuwa Malta hapo hapo akichunguza homa iliyokuwa inaua askari wa kisiwa, na mwaka huo akapata kijidudu chake. Themistocles Zammit, Mmalta aliyekuja kuonyesha baadaye kwamba homa ile inatoka katika maziwa ya mbuzi, alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika chuo kile miaka hiyo hiyo. Alimaliza mwaka 1889.

Lakini elimu ile ilikuwa na mashimo, na moja lilikuwa kubwa sana kwa mtu anayetumwa Tanganyika. Kijidudu cha malaria kilikuwa kimeonwa mwaka 1880 na Alphonse Laveran, huko Algeria. Kwamba ni mbu anayekibeba, Ronald Ross alionyesha mwaka 1897 tu. Kwa hiyo mwaka 1888 Atiman alipofunga sanduku lake, alikuwa na kinini ya kutibu homa, lakini hakuna mwalimu aliyeweza kumwambia afunge neti.

Kufika Karema

Aliondoka Ulaya mwaka 1888 na msafara uliokuja na askofu Bridoux, mkubwa mpya wa misioni za Tanganyika. Kutoka Zanzibar wakavuka kwenda bara, na kutoka pwani wakatembea. Miezi ile ile vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani viliwaka pwani, njia nyuma yao ikawa ya hatari. Mwaka 1889 Atiman alifika Karema. Alikuwa na miaka kama 23.

Karema ilikuwa nini? Kambi ya zamani ya Wabelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1879 na kapteni Cambier kwa jina la shirika la mfalme Leopold II, sawasawa na Mpala upande wetu, ambayo Storms aliianzisha mwaka 1883. Mwaka 1885 kambi zote mbili zilipewa Mapadri Weupe. Basi historia ya Karema na ya Mpala ni ya tumbo moja, hata kama leo mpaka unapita katikati ya maji. Baadhi ya waganga wengine waliosoma Malta walitumwa upande huu wa magharibi, Mpala ikiwa miongoni mwa misioni zilizowapokea.

Na ziwa lilikuwa bado ziwa la watumwa. Mitumbwi ilipakia watu kutoka Marungu na Manyema na kuwapeleka ng'ambo, kuelekea Ujiji na pwani. Rumaliza alitawala Ujiji. Kapteni Joubert alikuwa anapigana na watu wa biashara hiyo kutoka Mpala na Mrumbi. Mtoto aliyeuzwa Sahara alifika mahali ambapo watoto wengine walikuwa wanauzwa mbele ya macho yake, na sasa yeye ndiye alikuwa na dawa na visu vya upasuaji.

Mwaka ule ule wa 1889 alioa Agnes Wansabira, binti wa ukoo wa watawala wa Wabende. Kwa mgeni asiye na mjomba wala shangazi katika inchi ile, ndoa hiyo ilimpa ukweni, na ukweni ulimpa mahali pa kukaa kati ya watu. Mtoto wao Joseph alikuja kuwa padri, akapewa daraja mwaka 1923.

Jambo ambalo mimi binafsi naliona kubwa kuliko medali zake zote ni hili: alikwenda kujifunza tena. Kijana aliyesoma miaka sita Ulaya angeweza kuwacheka waganga wa kienyeji, na misioni ingempigia makofi. Atiman aliulizia mizizi na majani kwao, akayajaribu, yaliyofaa akayaingiza katika dawa zake. Huenda ukosefu ulimsukuma pia, maana sanduku la dawa kutoka Ulaya lilitembea miezi mingi na mara nyingine halikufika. Lakini wako wengi waliokosa dawa na bado hawakuuliza jirani.

Mwaka 1892 Lavigerie akafa. Mwaka 1896 nyumba ya Malta ikafungwa. Ilikuwa ghali, na waliotoka humo walikuwa wachache kuliko ilivyotumainiwa. Hapo Atiman alikuwa na miaka saba Karema. Mwanafunzi wa shule iliyokufa hana mdogo atakayemfuata na kumpokea kazi, hana mwalimu wa kumwandikia barua akikwama na ugonjwa asioujua. Na mpango wenyewe haukuwa umemweka sawa na muganga wa Kizungu. Tangu mwanzo ulitaka aishi kwa kidogo, chini ya mapadri, na kazi ya ukatekista juu ya ile ya udaktari. Ni rahisi kusema kwamba alijitolea. Ni vizuri pia kusema kwamba wengine walimpangia kiasi cha kujitolea.

Miaka ya mwanzo ya 1900 ugonjwa wa usingizi ulishuka kwenye ziwa na kumaliza watu pande zote mbili. Vijiji vya ufukoni vilihamishwa. Aliyekuja kuonyesha, mwaka 1903 huko Uganda, kwamba ni mbung'o anayeubeba, alikuwa David Bruce, yule yule wa Malta. Watu wawili waliokaa kisiwa kimoja wakati mmoja, mmoja akiwa na maabara na jeshi nyuma yake, mwingine akiwa na chumba kimoja cha dawa huko Karema.

Inchi ilibadilisha mabwana. Wajerumani waliondoka katika vita vya kwanza, vile vilivyopiganwa hadi kwenye maji ya Kalemie, kisha wakaja Waingereza. Askofu Lechaptois, aliyeongoza kutoka Karema tangu mwaka 1891, alikufa mwaka 1917. Muganga alibaki. Alitibu watoto, kisha watoto wa wale watoto, kisha wajukuu. Medali zilifika akiwa mzee, nyingine kutoka Roma, nyingine kutoka kwa Waingereza. Mwaka 1946 habari ya maisha yake, aliyoisimulia mwenyewe, ilichapishwa katika gazeti la utafiti la Tanganyika, na ndiyo sababu tunajua juu ya Tindirma na jangwa.

Hakurudi Niger. Alikufa Karema mwaka 1956, akiwa na miaka karibu 90, miaka 60 baada ya shule yake kufungwa. Leo huko Sumbawanga, mji mkubwa wa Ufipa, kuna hospitali ya jimbo la Kanisa inayobeba jina lake, na wagonjwa wanaotumwa huko kutoka vijiji vya ziwa husema tu kwamba wanakwenda kwa Atiman.