Robert Koch: Buda aliyenasa TB, kisha akasema ya ng'ombe haina noma

Kama umewahi kuambiwa uchemshe maziwa kabla unywe, kuna buda mmoja Mjerumani wa kujua. Stori yake iko na drama mbaya.

Robert Koch alizaliwa 1843 huko Clausthal. Alianza kama daktari wa kawaida wa mji mdogo, akifanya utafiti nyumbani kwake. Tarehe 24 Machi 1882, jijini Berlin, akawaonyesha wasomi wenzake bakteria wa TB. Wengi walikuwa wanadhani huo ugonjwa ni wa kurithi. Haka kadudu kana ganda lenye nta, so rangi haikashiki haraka. Koch alijaribu rangi ya buluu hadi kakaonekana kwa darubini.

1890 akatangaza amepata dawa, tuberkulini. Wagonjwa wakafurika Berlin. Dawa ikabuma, na wengine wakafa. Juu ya hiyo aibu, akaachana na mkewe, na 1893 akaoa msanii Hedwig Freiberg, dem mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Udaku ulitembea!

Lakini cheki hii: ukimdunga tuberkulini mwenye bakteria, mwili unajianika. Homa inapanda ama ngozi inavimba. Madaktari wa mifugo wakaijaribu kwa ng'ombe, na wale walikuwa wanaonekana fiti kabisa wakapatikana na TB. Dawa iliyobuma ikageuka kipimo.

Sasa noma yenyewe. 1901, kwa mkutano mkubwa London, Koch alisema TB ya ng'ombe si tishio kwa binadamu. Waingereza hawakumeza hiyo, wakaunda tume. Yeye akaendelea kung'aa: 1905 akapewa Nobel, 1906 akatua Visiwa vya Ssese, Uganda, kusaka dawa ya malale. Alifariki 27 Mei 1910.

Mwaka uliofuata, tume ikatoa ripoti ya mwisho: TB ya ng'ombe inashika watu, hasa watoto, kupitia maziwa. Koch hakuwa hai kuisoma.

Hadi leo ng'ombe hudungwa tuberkulini kwa ngozi ya shingo, halafu anakaguliwa baada ya siku 3. Kakivimba, ni kubaya.

So ukinunua maziwa mabichi mtaani, yaache yachemke vizuri. Ng'ombe kunona si cheti cha afya, na hapo hata bingwa wa TB mwenyewe aliteleza.