Hugh Tracey: Mzungu aliyepima sauti za ala za Afrika

Likembe ikipigwa pamoja na kinanda cha umeme, mara nyingi sauti hazipatani, na lawama huiangukia likembe. Kwa vijana wapiga muziki wa Wamaza, Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, ni vema kumkumbuka mtu aliyeonyesha kwamba mafundi wa ala hizo hawakukosea: Hugh Tracey.

Tracey alizaliwa Januari 1903 huko Devon, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kulima tumbaku na kaka yake. Shambani alijifunza lugha ya Wakaranga na nyimbo za wafanyakazi. Mwaka 1929 aliwapeleka waimbaji kadhaa Johannesburg ili sauti zao zirekodiwe.

Baadaye alizunguka nchi nyingi za Afrika na mashine ya kurekodi. Alibeba pia vyuma 54 vyenye umbo la uma wa meno mawili. Cha kwanza kilitoa mitetemo 212 kwa sekunde, cha mwisho 424, na kila kimoja kilizidi kilichotangulia kwa mitetemo minne. Mpigaji aligonga ubao mmoja wa marimba, naye Tracey akajaribu chuma baada ya chuma hadi sauti mbili zifanane. Kisha akaandika namba.

Namba hizo zilisema mengi. Piano hugawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Marimba za Wachopi wa Msumbiji, zinazoitwa timbila, huigawa katika hatua saba zinazokaribiana kwa ukubwa. Kwa hiyo ukipiga pamoja noti ya kwanza, ya tatu na ya tano, ile ya katikati haiangukii kwenye mi ya furaha wala mi ya huzuni ya piano; inakaa kati yake. Noti ya tano nayo iko chini kidogo ya ile ya piano. Sikio lililolelewa na timbila husikia mapatano pale ambapo sikio la piano husikia kosa.

Mwaka 1952 Tracey alifika Kongo, wakati huo chini ya Wabelgiji. Alirekodi Waluba na Wakanyok kusini, na watu wa kando ya msitu wa Ituri. Huko Jadotville, Likasi ya leo, alimrekodi kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean-Bosco, ambaye sifa yake ilienea mbali. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 alirekodi pia wanamuziki wa ikulu ya Kabaka, Uganda. Ikulu hiyo iliposhambuliwa mwaka 1966, wanamuziki walitawanyika, na kanda zake zikawa kumbukumbu ya thamani.

Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Roodepoort, Afrika Kusini. Mfululizo wake wa sahani za muziki ulizidi 200.

Lakini kuna jambo lisiloweza kufichwa. Tracey alitengeneza pia kalimba za kuuza ng'ambo. Aliyejua vizuri kuliko wengi kwamba Afrika ina mipangilio yake ya sauti, alizipanga kalimba hizo kwa noti za Ulaya, ili mnunuzi aweze kuzipiga pamoja na piano. Ala ikaenea duniani. Mpangilio wake wa asili ukabaki nyuma. Kanda nazo zilikaa mbali na vijiji zilikorekodiwa.

Tracey alifariki Oktoba 1977. Maktaba yake ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, na tangu 2014 imeanza kurudisha baadhi ya rekodi kwa jamii za Kenya.

Namba alizoandika zimebaki. Fundi wa leo anayeombwa kukwangua vyuma vya likembe ili ifuate kinanda anaweza kuuliza kwanza: kwa nini kinanda kisiifuate likembe?