Mfahamu Alfred Büchi, baba wa turbo

Malori mengi yanayopita Kongowe, Kibaha, kwenye Barabara ya Morogoro yana turbo. Ule mluzi unaosikika dereva akikanyaga mafuta unatokana na kazi ya Mswisi mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 60 iliyopita, Alfred Büchi.

Alizaliwa Julai 11, 1879 huko Winterthur, mji wa viwanda nchini Uswisi. Baba yake alikuwa bosi katika kampuni ya injini ya Sulzer. Büchi alisomea uhandisi Zürich na kumaliza 1903.

Kilichomsumbua ni hasara. Sehemu kubwa ya joto la mafuta hutokea kwenye ekzosi na kupotea bure. Akawaza hivi: moshi huo uzungushe feni, na feni hiyo izungushe nyingine iliyo kwenye shafti hiyohiyo, isukume hewa ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, injini inaweza kuchoma dizeli zaidi, na nguvu inapanda bila kuongeza ukubwa wa injini. Novemba 1905 akasajili uvumbuzi wake.

Tatizo likawa vifaa vya wakati ule. Injini ya majaribio ya mwaka 1915 ilishindwa kushikilia presha ya hewa. Jamaa hakukata tamaa. Mwaka 1925, miaka 20 tangu asajili wazo lake, akafanikiwa kupandisha nguvu ya injini ya dizeli kwa zaidi ya asilimia 40.

Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilikuwa za kwanza kunufaika. Injini zao zilipanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500. Malori yalifuata 1938, kupitia kampuni ya Saurer ya Uswisi. Büchi alifariki Oktoba 27, 1959 akiwa na miaka 80.

Kwa wenye pikapu, maisha yake yana somo. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser ilitoka kiwandani bila turbo, na wapo mafundi wanaoifungia. Gari linavuta kweli, lakini presha na dizeli vikizidi, joto linapanda, pistoni zinaungua na gasketi inakufa. Büchi alikuwa na wazo tangu 1905, lakini ilimchukua miaka 20 kupata mashine inayolihimili. Kabla ya kuongeza presha, muulize fundi kama injini yako itaibeba.