Mbaruk wa Gazi: alikuwa shujaa wa nani?

Vijana wengi tunawajua wafalme wa Ulaya vizuri kuliko tunavyomjua mzee wa hapa hapa Gazi. Umeshaziona zile picha za vitabu vya kale: farasi, mikuki, bendera, na rangi ya dhahabu imepakwa mpaka pembeni mwa ukurasa. Lakini unajua zilivyotengenezwa? Chukua vita vya Crécy, Waingereza na Wafaransa, mwaka 1346. Moja ya nakala maarufu zaidi zenye picha zake ilichorwa Bruges miaka ya 1470, zaidi ya miaka 100 baadaye. Wachoraji hawakuwepo vitani. Waliwavika askari mavazi ya vita ya zama zao wenyewe, na aliyelipia kitabu ni tajiri aliyetaka kitu kizuri cha kuweka nyumbani.

Pwani nayo ilikuwa na vitabu vyake. Misahafu ya Siyu na Pate ilipambwa kwa maua na nakshi, ila watu hawakuchorwa. Wafalme na vita tuliviweka kwenye tenzi, kama Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728. Kwa hivyo usitafute picha ya dhahabu ya Mbaruk bin Rashid juu ya farasi. Maisha yake inabidi uyaunganishe kipande kwa kipande.

Mbaruk alikuwa Mmazrui. Ukoo huo ulitawala Mombasa karibu karne nzima, na kwa muda mrefu hawakutaka kusikia amri ya ukoo wa Busaidi kutoka Oman. Mambo yaliharibika mwaka 1837. Sayyid Said aliutwaa mji, kisha wakubwa wa Mazrui wakakamatwa kwa hila na kusafirishwa hadi Bandar Abbas, kule Uajemi. Hawakurudi. Miongoni mwao alikuwa Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Kimazrui, na huyo ndiye babake Mbaruk. Mtoto alikuwa bado mdogo.

Waliobaki waligawanyika. Wengine walienda kaskazini wakakaa Takaungu, wengine wakashuka kusini hadi Gazi, hapo kati ya Ukunda na Msambweni. Leo watu wanaijua Gazi kwa mikoko, ile daraja ya mbao ya akina mama na mradi wa Mikoko Pamoja. Enzi hizo ilikuwa makao ya watu walionyang'anywa mji na hawakusahau.

Mbaruk alipokua na kushika uongozi wa Gazi, alimsumbua sultani mmoja baada ya mwingine. Majid, kisha Barghash, wote walipata tabu naye. Alikuwa anaasi, anapatana nao, anatulia kidogo, halafu anaasi tena. Akizidiwa pwani, alipanda milimani nyuma ya Gazi, kwenye misitu ya upande wa Shimba, ambako alikuwa na ngome yake ya Mwele. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, aliishambulia ngome hiyo. Mbaruk akaponyoka, na baadaye akarudi Gazi kama kawaida.

Sasa hapa tusidanganyane. Huyu hakuwa mpigania uhuru kama tunavyolitumia neno hilo siku hizi. Alikuwa bwana mwenye mashamba na watumwa, na baadhi ya waliobeba bunduki zake walikuwa watumwa wake. Vita vyake viliwakuta Wadigo na Waduruma katikati. Wako waliomfuata na kupigana naye bega kwa bega. Wako pia waliopoteza mifugo, nyumba na watu wao kwa sababu yake. Alichokuwa anakipigania, kwa muda mrefu, ni heshima ya ukoo wake. Hata kampuni ya Waingereza ilipokuja kuisimamia pwani mwaka 1888, hakuikataa. Alipokea posho yao na mambo yakaenda.

Moto uliwakia Takaungu. Mapema mwaka 1895 mkuu wa Wamazrui wa huko alifariki. Kwa desturi yao uongozi ungemwendea Mbarak bin Rashid, mtu mwingine mwenye jina karibu moja na la mzee wetu. Kampuni ikamtaka kijana mwingine, mwana wa marehemu, kwa sababu alielewana nao. Mbarak akagoma, akapigwa, na mwishowe akakimbilia Gazi kwa jamaa yake.

Hapo ndipo mzee alipobanwa. Waingereza walitaka wakimbizi wale wasipewe hifadhi. Mbaruk akasitasita, miezi ikapita. Angewatoa, angebaki na posho yake na amani yake. Lakini ni watu wa damu yake, tena wamepiga hodi mlangoni kwake. Na mkubwa wa kuamua mambo pwani alikuwa amebadilika: Julai 1895 kampuni iliondoka na serikali ya Uingereza ikachukua usukani. Mzee akachagua jamaa zake, akapanda Mwele.

Mnamo Agosti 1895 Admirali Harry Rawson aliiteka Mwele akiwa na wanamaji na askari wa Zanzibar. Mathews naye alikuwepo, akajeruhiwa. Wazungu wakadhani wamemaliza kazi. Kumbe ngome ilianguka lakini watu walikuwa wametawanyika msituni, na vita vikasambaa pwani nzima, kuanzia Vanga hadi Malindi. Ilibidi serikali ilete kikosi kutoka India mwezi Machi 1896. Aprili, Mbaruk alivuka mpaka akiwa na wafuasi zaidi ya 1,000, akajisalimisha kwa Wajerumani. Aliishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Gazi hakurudi kuitawala tena.

Huku nyuma mashamba ya walioasi yalichukuliwa na serikali. Ukiona watu wa Kwale wanavyogombania hatimiliki mpaka leo, ujue mlango mmoja wa shida hiyo ulifunguliwa hapo. Utumwa nao haukuisha kwa vita hivyo. Sheria ya kuufuta pwani ilikuja mwaka 1907, miaka 11 baadaye. Kwa hivyo aliyekuwa akilima shamba la bwana hakupata uhuru Mbaruk alipokuwepo, wala hakuupata siku alipofukuzwa.

Rawson aliendelea na safari zake. Mwaka 1896 aliipiga kasri la Zanzibar kwa mizinga, vita vya chini ya saa moja. Mwaka 1897 aliongoza uvamizi wa Benin, Nigeria, ambako Waingereza walibeba zile sanamu na bamba za shaba zilizoonyesha wafalme wa kule na mashujaa wao. Waliopigana naye huku walipewa nishani ya fedha, na jina la Mwele likachongwa ukingoni mwake. Yaani hata kwenye nishani, vita vyetu vilipewa ukingo tu.

Gazi ilibaki na nyumba yake kubwa, ambayo baadaye iligeuzwa madarasa. Watalii husimuliwa kwamba humo mlikuwa na chumba cha kuwatesa watu kwa moshi wa pilipili. Sisi wengine tukikasirishwa na hadithi hiyo tunajibu kwa kumfanya mzee kuwa malaika. Picha zote mbili ni kama zile za Bruges, zimechorwa na watu ambao hawakuwepo, kwa faida ya anayelipia.

Mbaruk aliyekataa kuwatoa jamaa zake ndiye huyo huyo aliyemiliki watu. Gazi wapo wajukuu wa mabwana na wapo wajukuu wa watumwa, tena watoto wao wamesoma darasa moja, ndani ya nyumba yake. Ukitaka kumjua, kawasikilize wote wawili.