Koti la Daktari Livingstone

David Livingstone alizaliwa mwaka wa 1813 katika mji wa Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini, hata alipopata umri wa miaka 10 alianza kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Kwa bidii yake akawa mganga na mhubiri, na mwaka wa 1841 akafika Afrika ya Kusini.

Mwaka wa 1861, karibu na mto Shire, yeye na wenzake walikutana na watumwa waliofungwa, wakawafungua. Katika siku zile alikombolewa mtoto mmoja Myao, jina lake Chuma.

Mwaka wa 1866 Livingstone alitoka Mikindani pamoja na Chuma, akaifuata njia ya Rovuma, kuelekea Ziwa Nyasa. Mwitu ulikuwa mnene. Wamakonde wakamfyekea njia kwa mashoka yao, ngamia wake wapate kupita, naye akawalipa ujira wao kwa nguo. Askari wake wa Kihindi walipowatesa ngamia wale, alihuzunika sana.

Hakuwa mtu asiye na kosa, maana mara nyingine aligombana na Wazungu wenzake. Lakini wenyeji wa njiani aliwasemesha kwa upole. Katika nchi ya Rovuma alimpa mtu mmoja koti lake, kisha akaendelea na safari. Hakurudi tena huku kwetu.

Miaka 7 baadaye alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea. Watu wake hawakumtupa, bali walimchukua kitandani mabegani mwao, hata akafa katika kijiji cha Chitambo, mwaka wa 1873. Ndipo Chuma na mwenzake Susi, pamoja na wengine, walipouchukua mwili wake mwendo wa miezi mingi, zaidi ya maili 1,000, mpaka Bagamoyo. Akazikwa London mwaka wa 1874. Basi yule mtoto aliyekombolewa alikuwa mmoja wa waliomfikisha mkombozi wake mpaka pwani.

Mwaka wa 1876 misheni ilianzishwa Masasi. Muda si mrefu baadaye mzee mmoja wa nchi ya Rovuma alimletea Padre Chauncy Maples koti kuukuu, lililooza kwa ukungu. Alikuwa amelitunza yapata miaka 10, kwa ukumbusho wa Mzungu yule ambaye maneno yake yalikuwa ya upole na mwenendo wake wa wema.

Koti lile halikuweza kuvaliwa tena, wala mzee hakulitunza kwa sababu ya baridi. Lilimkumbusha kwamba siku moja aliheshimiwa, na kumbukumbu hiyo ilimfurahisha moyo.

Enyi wanafunzi, kumsalimu mzee njiani, kumtwika mama mtungi wake, kumgawia mwenzako chakula, ni mambo madogo. Ninyi mtayasahau jioni ile ile. Aliyetendewa huenda akayatunza miaka 10.