Mtakatifu Yosefina Bakhita: Mjakazi Aliyekataa Kurudishwa

Kila tarehe 8 Februari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, na tangu mwaka 2015 siku hiyo imekuwa pia ya kuwaombea watu wanaosafirishwa kiharamu na kutumikishwa. Parokiani tunapenda kuhubiri jinsi alivyowasamehe waliomteka. Ni vema. Lakini kati ya mateso yake na msamaha wake kuna siku moja ambayo wahubiri wengi tunairuka, nayo ni siku aliyosimama mbele ya watu wa sheria.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, nchini Sudan. Alikuwa bado mtoto mdogo watu wawili walipomkamata na kuondoka naye. Hofu ilimzidi hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita ni jina alilobandikwa na watekaji, na kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati. Alitembezwa kwa miguu hadi El Obeid, akauzwa, akauzwa tena. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alichanjwa kwa wembe chale 114, zikatiwa chumvi ili makovu yasifutike.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na Callisto Legnani, mwakilishi wa Italia. Huko hakupigwa. Legnani alipokuwa akirudi kwao mwaka 1885, Bakhita alimwomba aende naye. Walipofika Genova, Legnani akamtoa kwa familia ya rafiki yake, Augusto Michieli, naye akawa yaya wa binti yao, Mimmina, huko Mirano karibu na Venezia.

Hapa tusiharakishe kuwalaumu. Akina Michieli hawakuwa wakatili, na mtoto yule alimpenda Bakhita sana. Hata hivyo alitolewa kama zawadi, na zawadi haiulizwi inataka kwenda wapi. Wasomaji wa Bariadi, Maswa na Itilima wanaielewa hali hii. Binti anaondoka kijijini baada ya kuahidiwa kazi za ndani Mwanza au Dar es Salaam, pengine na shule juu yake. Majirani wanasema anatunzwa vizuri. Pengine ni kweli. Lakini je, akitaka kuondoka, ataondoka?

Kwa Bakhita swali hilo lilijibiwa Venezia. Michieli alikuwa na hoteli Suakin, bandari ya Sudan kwenye Bahari ya Shamu. Mkewe alipokwenda huko, aliwaacha Bakhita na Mimmina kwa Masista Wakanossa wa Venezia, kwenye nyumba ya wakatekumeni. Hapo Bakhita alianza kumjua Mungu ambaye, alivyokuja kusimulia, alikuwa akimhisi moyoni tangu utotoni bila kujua ni nani. Mwaka mmoja baadaye mama Michieli alirudi kuwachukua wote wawili awapeleke Suakin.

Bakhita alikataa. Mama alikasirika, mtoto alilia, na Bakhita mwenyewe aliumia, kwa kuwa aliwapenda. Mkuu wa nyumba angeweza kumwambia atii, mambo yakaisha kimya kimya. Badala yake masista walipeleka shauri lake kwa wakubwa, likamfikia Patriaki, Kardinali Domenico Agostini, na mwendesha mashtaka wa Mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 uamuzi ukatoka: sheria ya Italia haitambui utumwa, kwa hiyo Bakhita ni mtu huru, na ana haki ya kuchagua pa kuishi. Akachagua kubaki. Tarehe 9 Januari 1890 Patriaki alimpa Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya kwanza.

Alitangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Mwezi uliofuata Umoja wa Mataifa ulipitisha itifaki dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo inazitaka nchi zifikirie kuwaruhusu waathirika kubaki pale walipookolewa, kwa muda au moja kwa moja. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008. Nayo haisubiri mtu avuke mpaka: binti aliyehadaiwa kutoka kijijini hadi Dar es Salaam analindwa nayo sawasawa na aliyepelekwa Omani. Na kwa mgeni aliyeokolewa hapa kwetu, inatoa njia ya kutorudishwa mahali atakapokuwa hatarini. Paroko anayeletewa kesi ya namna hii, hasa mgeni asiye na pasi wala kibali, ajue jambo hili kabla ya kumshauri arudi alikotoka.

Bakhita aliweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896. Mwaka 1902 alipelekwa Schio, na huko alipika, akatunza sakristia, akawa bawabu. Watoto wa mji walimzoea mlangoni, wakamwita Mama Mweusi mdogo, na watu wazima walimjia na shida zao.

Uzeeni aliugua kwa muda mrefu. Katika siku zake za mwisho homa ilimrudisha Sudan, akawa anamsihi aliyemuuguza amlegezee minyororo, kwa kuwa ilikuwa mizito. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, masista wenzake wakiwa wamemzunguka.