Yeremia, nabii aliyebeba kikombe

Safari hii tumemchagua nabii Yeremia. Familia zilizotoka Kismayo na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula zimebeba swali moja tangu vita vya mwaka 1991 vilipotusukuma baharini: je, kukimbia kwetu ni hukumu ya Mungu? Maisha ya Yeremia yanatusaidia kulijibu.

Yeremia, mwana wa Hilkia, alitoka Anathothi, kijiji cha makuhani karibu na Yerusalemu. Aliitwa kuwa nabii akiwa bado kijana, mwaka wa 13 wa Mfalme Yosia, yapata 627 KK. Mungu alimkataza kuoa, na watu wa kijiji chake walipanga kumwua.

Mwaka 605 KK Babeli iliishinda Misri huko Karkemishi. Mwaka huo, kama tusomavyo katika sura ya 25, Yeremia alipokea mkononi mwa Mungu kikombe cha mvinyo wa ghadhabu, awanyweshe mataifa. Kikombe hicho kilikuwa mfano wa vita: taifa likinywa, huyumba kama mlevi na kuanguka. Kwetu pwani, kahawa ikizungushwa barazani, mgeni hutangulizwa. Kikombe hiki kilianza na wenyeji, yaani Yerusalemu, mji wa hekalu. Kisha kikaenda Misri, Gaza, Edomu, Tiro, Sidoni, hata visiwa vya ng'ambo ya bahari. Wa mwisho kunywa alikuwa mfalme wa Babeli, yeye aliyewapiga wengine wote. Na kweli Babeli ilianguka mwaka 539 KK.

Siku zile Warekabi, watu wa kuishi katika mahema, walikimbilia Yerusalemu kwa kuliogopa jeshi la Babeli. Yeremia aliwaingiza hekaluni akawawekea mvinyo na vikombe. Walikataa kunywa, kwa sababu Yonadabu, baba yao wa zamani, aliwaagiza wasinywe. Mungu aliwasifu mbele ya mji wote na kuwaahidi kwamba uzao wao hautakoma. Basi, ndugu zetu, kuishi hemani si ushahidi kwamba mtu amelaaniwa. Wakimbizi hao walikuwa mfano kwa wenyeji.

Yeremia mwenyewe aliteswa sana. Mfalme Yehoyakimu alikikata kitabu chake vipande vipande na kukichoma motoni. Yeremia akamwambia Baruku maneno yote upya, naye akayaandika. Mji ulipozingirwa, wakuu walimtumbukiza katika shimo la matope. Aliyemwokoa ni Ebedmeleki Mkushi, Mwafrika, aliyemteremshia kamba pamoja na matambara ya kuweka makwapani zisimwumize. Yerusalemu ilianguka mwaka 586 KK. Wababeli walimwachia huru achague pa kwenda, naye akachagua kubaki Misipa na maskini wa nchi. Lakini liwali Gedalia alipouawa, watu waliingiwa na hofu wakakimbilia Misri, wakamchukua Yeremia pamoja nao, ingawa aliwaonya wasiende. Habari zake za mwisho ni za huko. Nabii mtiifu alimaliza siku zake ugenini pamoja na watu wake.

Kwa hiyo tusimnyoshee jirani kidole tukisema amefukuzwa kwao kwa dhambi zake. Hapa kambini hakuna aliyepewa kikombe cha kuwapimia wenzake. Wala tusitamani kuwanywesha wenyewe wale waliochukua nyumba na mashua zetu. Kikombe kiko mkononi mwa Mungu, naye hakumsahau hata Babeli.

Wale waliohamishwa Babeli, Yeremia aliwaandikia barua wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea amani mji walimo. Hilo tunaweza kulifanya leo. Nasi tunajua kwamba kule Gethsemane Bwana Yesu, asiye na kosa, alikipokea kikombe kwa ajili ya wengine.

Wiki hii, katika sala za nyumbani, tuiombee amani kambi hii, Kismayo na visiwa vyetu. Tuwaombee pia jirani zetu Waislamu, tuliokimbia nao katika mashua zilezile. Mungu awabariki.